Kupima Ujuzi wa Rubani Anayeruka kwa Vyombo: Suala la Maana katika Anga la Busia na Malaba

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ujuzi wa rubani anayeruka kwa vyombo unavyopimwa, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kipimo hicho ni suala la maana za maneno kabla ya kuwa suala la mitambo. Mada hii huenda ikaonekana ngeni katika jarida la lugha. Wataalamu wa Kiswahili wameandika mengi kuhusu istilahi za sheria, za kilimo na za sayansi ya shuleni, lakini urubani umeachwa kando kana kwamba si kazi ya watu wa Afrika Mashariki. Hali sivyo ilivyo. Tangu mwaka 1971 pana chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, kilichoanzishwa katika siku za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki mikononi mwa Uganda. Kijana wa Kenya aliyesafiri kwenda huko kwa barabara kutoka Nairobi alipita Malaba, akavuka daraja, akaacha mwamba wa Tororo nyuma yake.

Busia na Malaba zimechaguliwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, juu ya miji hiyo, takribani sambamba na mpaka wa ardhini, ndipo linapokoma anga linaloongozwa kutoka Nairobi na kuanza lile linaloongozwa kutoka Entebbe. Chini, lori husimama na karatasi zake hukaguliwa. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018, anayevuka hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Juu, ndege haiwezi kusimama, lakini nayo hukabidhiwa na upande mmoja kwa upande wa pili, na kanuni ya kukabidhiana huko ni ya zamani kuliko vituo vya pamoja: ndege inayoongozwa huwa chini ya mwongozaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Pili, mpaka huu umekwisha kuipa lugha istilahi. Neno "bodaboda" husimuliwa kuwa lilizaliwa hapa, kutokana na wapanda baiskeli waliovusha watu na vifurushi kati ya forodha mbili huku wakinadi safari ya kutoka mpaka hadi mpaka. Wenyeji wa Busia na wa Malaba wangali wanashindania heshima hiyo. Lililo muhimu kwa makala haya ni kwamba neno hilo halikuundwa na kamati. Lilitoka katika kazi, nalo sasa limo kamusini.

Mtihani wenyewe

Kuna namna mbili za kurusha ndege. Ya kwanza ni kuruka kwa macho. Rubani huona ardhi, huona upeo, huona ndege nyingine, na hujiepusha nazo mwenyewe. Kanuni za kimataifa humruhusu kufanya hivyo hali ya hewa inapokuwa nzuri tu. Chini ya futi 10,000, kwa kawaida, humpasa kuona umbali wa kilomita 5, na kukaa mbali na mawingu kwa mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa wima. Namna ya pili ni kuruka kwa vyombo. Hapo rubani huweza kuwa ndani ya wingu au katika usiku wa giza, bila kuona chochote nje ya kioo, naye hutegemea vipimo vilivyo mbele yake pamoja na maagizo ya mwongozaji aliye ardhini.

Yafaa kusimama kidogo kwenye neno "chombo". Katika Kiswahili neno hili hubeba jahazi, sahani na mashine kwa pamoja, na aliyezoea lugha ya pwani akisikia "kuruka kwa chombo" anaweza kudhani ni kusafiri ndani ya ndege. Madereva wa malori wanaolala foleni Malaba huita vipimo vya mbele yao "geji", na kila fundi wa gereji huwaelewa. Makala haya yanatumia "vyombo" kwa wingi, kwa kuwa wingi hupunguza utata, lakini "kuruka kwa geji" si neno la kuchekwa. Neno "rubani" lenyewe lina historia inayofaa: kabla ya ndege kuwapo, lilimtaja aliyeongoza chombo cha bahari katika mikondo na miamba isiyoonekana. Aliyelihamisha neno hilo kutoka majini hadi angani, awe nani, alifanya kazi nzuri.

Anayetaka idhini ya kuruka kwa vyombo hupimwa kwa hatua. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), hutahiniwa kwa maandishi katika sheria za anga, ujuzi wa ndege, mipango ya safari, hali ya hewa, uongozaji wa safari, taratibu za uendeshaji, tabia na udhaifu wa binadamu, na mawasiliano ya redio. Humpasa pia kuwa na saa zisizopungua 40 za kuruka kwa vyombo, ambazo baadhi yake huruhusiwa kufanywa katika mashine ya mazoezi iliyo ardhini. Mwisho hukaa ndani ya ndege pamoja na mtahini. Ikiwa siku hiyo mbingu ni nyeupe, rubani huvishwa kikinga macho kinachomzuia kuona nje, abaki na vyombo vyake peke yake.

Sababu ya kumfunika ni ya kimaumbile. Ndani ya sikio la mtu mna mifereji midogo yenye majimaji ambayo humjulisha kwamba anageuka. Ndege ikigeuka polepole kwa muda, majimaji hayo hutulia, na mwili husadiki kwamba umenyooka. Rubani akiinyoosha ndege kweli, mwili humwambia kwamba sasa ameinama upande wa pili, naye hutamani kurudi kule alikokuwa. Kwa hiyo jambo la kwanza linalopimwa ni kama mtahiniwa anaweza kukataa ushahidi wa mwili wake na kukubali ushahidi wa sindano. Hilo halipimwi kwa maandishi hata kidogo.

Yanayopimwa kwa maandishi na kwa mdomo ni mengine, nayo ndiyo yanayogusa lugha. Maswali ya kuchagua jibu yana manufaa yake: husahihishwa upesi na hayapendelei mtu. Lakini humpitisha pia aliyekariri. Mtahiniwa aliyeona maswali ya miaka iliyopita hutambua umbo la jibu kama mtu anavyotambua uso, bila kujua jina. Ndiyo maana watahini waangalifu huuliza tena kwa mdomo, na swali lao kubwa ni "kwa nini?"

"Nimesikia" na "sawa"

Katika redio ya ndege pana maneno machache yaliyowekewa fasili kali. Moja, ambalo kwa matamshi ya Kiswahili husikika "roja", maana yake ni kwamba maneno yako yote ya mwisho yamenifikia. Basi. Halisemi kwamba msemaji amekubali, wala kwamba atatenda. Jingine, "wilko", lasema kwamba ujumbe umeeleweka na utatekelezwa. La tatu hujibu "ndiyo" kwa swali lililoulizwa. Zaidi ya hayo, maagizo mengine hayaitikiwi kwa neno lolote kati ya hayo. Rubani lazima ayarudie yalivyo: kibali cha njia, ngazi ya kuruka, mwelekeo, kipimo cha altimita, namba ya utambulisho, na barabara ya kutulia. Mwongozaji husikiliza marudio hayo na kuyasahihisha yakikosewa.

Mwalimu anayetaka kumweleza mwanafunzi wa Afrika Mashariki tofauti hizo kwa Kiswahili hukutana na tatizo mara moja. Tafsiri ya kwanza inayokuja mdomoni kwa "roja" ni "nimesikia". Lakini kitenzi "kusikia" katika Kiswahili hakiishii sikioni. Mtoto asiyesikia si kiziwi; ni mkaidi. Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu haizungumzii ugonjwa wa masikio. Katika matumizi ya kila siku, kusikia na kutii ni kitu kimoja chenye pande mbili, na anayesema "nimesikia" mbele ya mkubwa wake ameahidi kutenda. Kwa hiyo mwalimu aliyetafsiri "roja" kwa "nimesikia" amefundisha kosa lile lile ambalo mtihani umewekwa kulinasa: amemfanya mwanafunzi aamini kwamba kupokea ujumbe na kukubali kuutekeleza ni tendo moja.

"Sawa" ni mbaya zaidi. Asikilizaye mazungumzo ya Malaba kwa saa moja atalisikia neno hili likifanya kazi nne au tano. Wakala wa forodha humwambia dereva, "Dere, usitoe gari mpaka nikupigie simu." Dereva hujibu, "Sawa, bosi." Amesema nini? Huenda amesema amesikia. Huenda amekubali. Huenda anamaliza tu mazungumzo ili arudi kwenye chai yake. Na wakala akisikia dereva anasema, "Mimi niko tayari kutoka," naye akajibu "sawa" kwa maana ya "nimekuelewa", dereva ana haki gani ya kutodhani kwamba ameruhusiwa? Barabarani, ubishi wa namna hiyo humalizwa kwa kelele na pengine kwa faini. Mji huu una Kiteso, Kikhayo, Kisamia, Luganda na Kiingereza pamoja na Kiswahili, na "sawa" ndilo neno linalowaunganisha wote hao, kwa sababu ile ile kwamba halidai maana moja.

Jambo hilo si la kubuni. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye barabara ya kurukia ndani ya ukungu, na watu 583 wakafa. Rubani wa KLM alikuwa amepewa maelezo ya njia atakayofuata baada ya kuruka, lakini hakuwa amepewa ruhusa ya kuruka. Msaidizi wake aliyarudia maelezo hayo, akamalizia kwa maneno yaliyoweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba wako mahali pa kuanzia kuruka, au kwamba wanaruka. Mwongozaji alijibu kwa neno la Kiingereza ambalo ni ndugu kamili wa "sawa", kisha akaongeza kwamba wangoje. Maneno hayo ya kungoja yaligongana redioni na sauti ya ndege ya pili, na waliokuwa ndani ya KLM hawakuyasikia vizuri. Kilichowafikia kwa uwazi ni lile "sawa". Tangu hapo, neno la kuruka halitumiki redioni isipokuwa pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa "kuondoka". Huu ni uundaji wa istilahi uliolipiwa kwa gharama kubwa mno.

Afrika Mashariki inao mfano wa karibu zaidi. Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikirejea Nairobi iliruka kutoka Douala, Kamerun, katika giza na hali mbaya ya hewa. Wote 114 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani mkuu alitamka agizo la kuwasha mtambo wa kujiongoza, kwamba msaidizi hakuitikia, na kwamba mtambo haukuwashwa. Ndege iliinamia kulia kidogo kidogo bila wao kutambua, na ilipotambuliwa hisia za mwili zilikwisha kupotea. Tofauti na Tenerife, hapa neno halikuwa na utata. Lilitamkwa, halikurudiwa, na kimya kikachukuliwa kuwa jibu. Katika adabu ya Kiswahili kimya cha mdogo mbele ya mkubwa mara nyingi huwa ni heshima na ridhaa. Si kusudi la makala haya kudai kwamba adabu hiyo ilihusika Douala. Hakuna ushahidi wa hilo. Lakini mtahini anayempima kijana aliyelelewa katika adabu hiyo anafanya vyema kujua kwamba kanuni ya kurudia agizo kwa sauti humtaka kijana huyo atende kinyume cha malezi yake.

Pendekezo la hapa ni kutenganisha maneno matatu ambayo lugha inayo tayari. "Kupokea" liwe la ujumbe uliofika: "nimepokea". "Kutekeleza" liwe la ahadi ya kutenda: "nitatekeleza". "Kurudia" liwe la kulisema agizo upya neno kwa neno, na lisichanganywe na "kuitikia", ambalo ni kutoa sauti tu kuonyesha kwamba mtu yupo. "Sawa" na "nimesikia" yaachwe nje ya darasa la redio kabisa.

Tatizo la "juu"

Kundi la pili la maneno yanayomwangusha mtahiniwa linahusu wima. Mtu wa kawaida huuliza ndege iko juu kiasi gani, na hutosheka na tarakimu moja. Rubani hana tarakimu moja. Altimita haipimi urefu. Hupima mgandamizo wa hewa na kuutafsiri kuwa futi, na tafsiri hiyo hutegemea alama ya mwanzo iliyowekwa na rubani. Akiweka kipimo cha hewa cha mahali alipo, altimita humpa umbali kutoka usawa wa bahari: ndege iliyosimama kimya uwanjani Entebbe itaonyesha karibu futi 3,800 ingawa magurudumu yake yako chini. Akiweka kipimo cha wastani cha dunia nzima, yaani hektopaskali 1013.2, humpa ngazi ya kuruka, ambayo si umbali kutoka ardhini wala kutoka baharini, bali ni makubaliano tu yanayowezesha ndege zote za juu kulinganishwa kwa kipimo kimoja. Kila hektopaskali moja ya kosa ni takribani futi 27 hadi 30.

Kiswahili kina "kimo", "urefu", "mwinuko" na "ngazi", nayo yote hutumiwa ovyo hata katika vitabu vya jiografia. Inafaa yagawiwe kazi. "Kimo" kiwe cha kutoka ardhini iliyo chini ya ndege. "Mwinuko" uwe wa kutoka usawa wa bahari. "Ngazi" iwe ya kipimo cha wastani. Rubani anayesema yuko juu futi 10,000 hajasema chochote hadi aseme ni kutoka wapi.

Mtahini aliye hodari haulizi fasili ya maneno hayo. Hutoa safari. Mathalani: ndege ndogo inatoka Kisumu kwenda Soroti kwa mstari ulionyooka, umbali wa kilomita 235 hivi, na mawingu yamefunga. Mstari huo hupita karibu kabisa na juu ya Malaba. Mtahiniwa achague ngazi. Mwelekeo ni wa kaskazini-magharibi, yaani katika nusu ya duara ya magharibi, ambamo wanaoruka kwa vyombo hupewa ngazi za namba shufwa: 80, 100, 120. Wanaorudi mashariki huchukua za witiri: 90, 110. Aliyekariri atajibu "mia moja" na kutulia. Hapo ndipo mtahini huuliza kwa nini isiwe 60. Jibu linataka ramani iwe kichwani. Mwamba wa Tororo, kilomita chache magharibi ya Malaba, una mwinuko wa karibu mita 1,480, na kanuni hudai nafasi ya futi 1,000 juu ya kilele cha juu kabisa kilicho ndani ya kilomita 8 kutoka pale ndege inapokadiriwa kuwa. Ngazi ya 60 ingeacha nafasi ndogo isiyo na akiba ya kosa la hewa. Kisha huja swali la pili: pepo au radi ikimlazimu kukengeuka kulia, atakutana na nini? Kulia, kilomita 50 hivi kutoka njiani, umesimama Mlima Elgon wenye mita 4,321. Katika nchi ya milima nafasi inayodaiwa huongezeka kuwa futi 2,000. Kwa hiyo kulia si mahali pa kukimbilia mvua kwa ngazi ya 100, na mtahiniwa aliyesema "nitazunguka wingu" bila kusema upande gani amejibu kama "sawa" ya dereva.

Kwamba milima ya Afrika Mashariki haifai kupuuzwa kulionekana mwezi Agosti 2012, helikopta tatu za jeshi la Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilipoanguka katika Mlima Kenya.

Redio inaponyamaza

Swali ambalo watahini wengi hulipenda, na kwa haki, ni lile la redio iliyokufa. Rubani yu ndani ya wingu juu ya Malaba. Nairobi imemwambia abadili masafa aongee na Entebbe. Amebadili, hakuna jibu. Amerudi kwa Nairobi, hakuna jibu. Afanye nini?

Kwanza huweka namba 7600 katika kitambulishi chake, ili wenye rada wajue kwamba hana sauti. Kisha, kwa utaratibu wa kimataifa uliozoeleka, kama yuko mahali pasipo na rada, hushika ngazi na mwendo aliopewa mwisho kwa dakika 20 tangu aliposhindwa kutoa taarifa mahali palipompasa, na baada ya hapo hufuata mpango wa safari aliouwasilisha kabla ya kuruka. Penye rada muda huo ni dakika 7. Hufika juu ya kituo cha uwanja anaokwenda, huanza kushuka saa ile aliyotarajiwa, na hujitahidi kutua ndani ya dakika 30.

Wanafunzi hukariri tarakimu hizo wakadhani ndizo jibu. Maana yake imo mahali pengine. Rubani huyo hawezi tena kuulizwa wala kuagizwa, na wakati huo waongozaji wa pande mbili wanahangaika kuziondoa ndege nyingine njiani mwake. Hawawezi kufanya hivyo isipokuwa wanajua atakachofanya kabla hajakifanya. Kanuni ya redio iliyokufa ni ahadi aliyoiweka kabla ya kuondoka, na zile dakika 20 ni muda wanaopewa walio chini kupanga upya. Mtahiniwa aliyeelewa hivyo akisahau kama ni dakika 20 au 7 ataweza kujisahihisha, kwa kuwa atajiuliza kama kuna anayemwona. Aliyekariri akisahau, amesahau kabisa.

Lugha ya mtahini

Tangu tarehe 5 Machi 2008, kwa muda wa nyongeza uliokwisha Machi 2011, ICAO imewataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wapimwe lugha pia. Kipimo kina ngazi sita, na inayoruhusu kazi ni ya nne. Hutazamwa mambo sita: matamshi, muundo, msamiati, ufasaha, ufahamu, na uwezo wa kujibizana. Alama ya mtu ni ile ya chini kuliko zote kati ya hizo sita, si wastani. Wa ngazi ya nne hupimwa tena baada ya miaka 3, wa tano baada ya miaka 6, na wa sita hapimwi tena. Kwa mwanaisimu huu ni mpango wa kupendeza, hasa kanuni ya alama ya chini, ambayo vyuo vikuu vingeweza kuifikiria.

Lakini kipimo cha lugha na kipimo cha kanuni huchanganyika mtahini akiuliza "kwa nini?" kwa Kiingereza. Mtahiniwa anayesitasita huonekana hajui, na mwenye ulimi mwepesi huonekana anajua. Wa pili ndiye wa hatari zaidi. Ndege ya Avianca iliyoishiwa mafuta karibu na New York tarehe 25 Januari 1990, wakafa watu 73, ilikuwa na wahudumu walioweza kuongea Kiingereza. Walisema wanahitaji kutangulizwa. Walisema mafuta yanakwisha. Hawakutamka neno la dharura ambalo lingewalazimu waongozaji kuwapisha mbele ya wote. Maneno walikuwa nayo. Uzito wa kila neno haukuwa sawa pande mbili za redio.

Wako watakaosema kwamba dawa ni Kiswahili redioni. Kisheria hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kwani kanuni za ICAO huruhusu lugha inayotumiwa kwa kawaida na kituo cha ardhini au Kiingereza. Uganda nayo, mwezi Julai 2022, kwa uamuzi wa baraza la mawaziri, ilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, kama Kenya ilivyofanya kwa katiba ya mwaka 2010. Quebec ilikuwa na ugomvi wa namna hiyo: marubani waligoma mwaka 1976 kupinga Kifaransa redioni, na tume iliyochunguza ikasema mwaka 1979 kwamba lugha mbili hazipunguzi usalama. Hata hivyo anga la Busia si la Quebec. Redio ya ndege husikilizwa na wote walio kwenye masafa hayo, na kila mmoja huchora kichwani mahali walipo wenzake. Ndege zinazovuka hapa zina marubani wa Ethiopia, wa Uholanzi, wa Ghuba na wa Kongo. Lugha moja inayosikika na wote ni sehemu ya vyombo. Mpenzi wa Kiswahili hapaswi kudai mahali hapa.

Madai yake yawe darasani na mbele ya mtahini, ambako maelezo hutolewa na hakuna ndege inayongoja. Misemo ya redio ibaki ilivyo na ikaririwe. Sababu zake zielezwe, na ziulizwe, kwa lugha ambayo mtahiniwa hawezi kujificha ndani yake. Soroti na Nairobi zina walimu wanaoweza kuifanya kazi hiyo, na Wakala wa Usalama wa Usafiri wa Anga wa Jumuiya, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao Entebbe, tayari hushughulika na kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Kamisheni ya Kiswahili iliyoko Zanzibar haiko mbali na mlango huo.

Yapo maneno ambayo makala haya hayakuweza kuyapatia istilahi inayoridhisha. Mojawapo ni ule mzunguko wa kungoja angani, wenye umbo la yai refu, ambao ndege huufanya mwongozaji anapotaka ichelewe: dakika moja kwenda, kugeuka kulia, na kurudi. "Kuzunguka" husahau kwamba kuna kungoja, na "kungoja" husahau kwamba ndege haisimami. Madereva wa Malaba wana neno "foleni", ambalo lina kungoja na lina zamu, lakini halina mwendo. Jingine ni ule mwinuko wa mwisho ambao rubani anayeshuka ndani ya wingu akiufikia bila kuona taa za uwanja humpasa kupaa tena papo hapo. "Mwinuko wa kukata shauri" lina maana sahihi, ila ni refu kwa jambo linaloamuliwa kwa sekunde mbili.